Dagaa wa Kigoma si wa Kigoma

Hivi ni lini mara ya mwisho umesoma gazetini habari ya dagaa isiyokuwa na picha ya nyavu zikiteketezwa kwa moto? Mimi naandikia gazeti, najua ukurasa unavyopangwa. Kiongozi ameshika kiberiti, askari wawili pembeni, moshi unapanda, na kichwa cha habari kinawasema wavuvi haramu. Kesho yake tunarudi kwenye siasa. Samaki mwenyewe anataga wapi, anakulia wapi, ni wa ukoo gani, hakuna anayeuliza. Na swali hilo ndilo lenye pesa na njaa ya watu ndani yake.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: sisi, Congo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu mtu hana kazi, ana watoto na ana mkopo. Tangu hapo, kila mada hii ikizuka, nasikia hoja mbili. Ya kwanza: dagaa ni wetu, kwa nini tufunge sisi wakati ng'ambo wanaweza kuvua usiku? Ya pili, hii ya wasomi: wanasayansi wamethibitisha kwamba dagaa wa ziwa zima ni wamoja, kwa hiyo funga, pumzisha, watajaa tena wenyewe. Zote mbili zinatia uvivu, na ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu imevaa koti la maabara.

Tuanze na hilo koti. Dagaa wetu ni jamaa wa samaki wa baharini, ukoo mmoja na heringi na saradini, ambao mababu zao waliingia maji baridi ya Afrika mamilioni ya miaka iliyopita. Wako wa aina mbili. Yule tunayemwita dagaa hasa, Stolothrissa tanganicae, na lumbu, Limnothrissa miodon. Warundi wanawaita ndagala, Wazambia wanawaita kapenta, na sokoni Kariakoo wote ni "dagaa Kigoma", bei juu.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya Stolothrissa, ukiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Uvira. Walichukua samaki kutoka kaskazini hadi kusini mwa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, wakatafuta tofauti za koo. Hawakuziona. Mwaka 2020 ukaja mwingine, safari hii na watafiti wa Uswisi na wa TAFIRI Kigoma, ukiwapima aina zote mbili. Stolothrissa tena karibu hana tofauti ya mahali na mahali. Lumbu anayo, lakini hafifu, inayoongezeka kidogo kadiri umbali unavyoongezeka.

Kwa hiyo hoja ya "dagaa wetu" imekufa, tuizike. Hakuna ukoo wa Kigoma. Ukifunga wewe na jirani asifunge, umemfugia.

Lakini sasa tazama wasomi wetu wanavyorukia upande wa pili. Eti kwa kuwa ni wamoja, ghuba ikikomba samaki wake leo, wa Congo watakuja kuijaza kesho. Nani kasema? Vinasaba havisemi hivyo. Ili koo mbili zisitofautiane, inatosha samaki wachache tu katika kila kizazi wahame kutoka huku kwenda kule na kuzaliana. Wachache. Hao wanatosha kuchanganya damu, lakini hawatoshi kujaza ndoo moja mwaloni. Kipimo cha vinasaba kinakuonyesha undugu uliojengwa kwa vizazi maelfu. Hakikuhakikishii kwamba baada ya miezi mitatu utapata kitoweo. Hayo ni maswali mawili, na anayeyachanganya mbele ya mvuvi mwenye njaa anamdhulumu.

Na hapo ndipo tunafika mahali ambapo hakuna mpiga picha anayekwenda: mazalia.

Stolothrissa hutaga kwenye maji. Mayai huzama taratibu na huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na lazima yawahi, kwa sababu huko chini kabisa ziwa halina oksijeni. Lumbu ni mtu wa pwani. Hutaga karibu na ufuko, na watoto wake hukulia kwenye maji mafupi, yale yale ambayo kokoro linaburutwa. Sheria yetu inakataza kokoro, sawa. Lakini sheria hiyo hiyo inapochomewa picha ya nyavu, nani anauliza juu ya tope linaloshuka milimani baada ya misitu kukatwa, likafunika mchanga wa ufuko? Kokoro unaweza kulichoma moto, tope huwezi. Pengine ndiyo maana halina habari gazetini.

Wapo watakaosema nimetia chumvi, samaki ni wengi, ufuko mmoja ni nini. Haya, twende mbali kidogo, baharini kwa binamu zake, pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Pale Cherry Point kuna heringi wanaotaga kwenye majani ya baharini ya ufukweni kuanzia Aprili hadi Juni, wakati heringi wengine wa jirani wameshamaliza. Mwaka 1973 walikadiriwa kufika karibu tani 15,000. Mwaka 2000 walikuwa chini ya tani 1,000. Vinasaba vikaonyesha kwamba ni kundi la pekee, haliingiliani na majirani kwa sababu hawatagi wakati mmoja. Bahari ile ile, maji yale yale, na majirani hawakuja kujaza nafasi. Hata hivyo mwaka 2005 serikali ya Marekani ilikataa kuwapa ulinzi wa peke yao, ikisema ni sehemu ya kundi kubwa zaidi. Unaona mchezo? Kule vinasaba vilionyesha tofauti, wakubwa wakasema ni wamoja. Huku vinasaba vinaonyesha umoja, na sisi tunautumia kama kisingizio cha kutolinda mahali popote.

Sisemi dagaa wetu ni kama heringi wa Cherry Point. Vinasaba vyao vinakataa. Ninachosema ni kwamba samaki anaweza kuwa na undugu wa ziwa zima na bado akategemea ufuko fulani ili azaliwe.

Halafu kuna jambo ambalo wavuvi wanastahili kuambiwa waziwazi. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walisoma tope la chini ya ziwa, wakakuta kwamba samaki walianza kupungua kadiri maji yalivyopata joto, tena kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, chakula cha dagaa kinapungua. Mvuvi wa Kibirizi hakuyapasha joto maji hayo. Anaweza kuwa na makosa yake, ila tumemfanya mshitakiwa pekee katika kesi yenye washitakiwa wengi, kwa sababu ndiye anayekamatika.

Mkataba wa nchi nne upo, ulisainiwa Dar es Salaam Juni 12, 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura. Kwa hiyo tusiambiwe hakuna meza ya kukalia. Nataka kuona vitu viwili kwenye meza hiyo. Tarehe za kufunga ziwe moja kwa nchi zote nne, zisimamiwe kwa zote nne, na takwimu za kabla na baada zitolewe hadharani ili mvuvi aone alichokifungia. Na fuko ambazo lumbu hutaga zichorwe kwenye ramani, kijiji kwa kijiji, zilindwe miezi yote 12, BMU zipewe mafuta ya boti badala ya semina. Mhariri akinipa ukurasa nitaanza kwa kuuliza wizara kama ramani hiyo ipo.