Vitabu vya Ushindi Tunavyo. Vya Kuanguka Vi Wapi?

Atokaye Westlands akaishika Barabara ya Lower Kabete, kisha akakata kuingia Kitisuru, huziona kwanza nyua ndefu za kayaba na malango ya chuma kabla ya kuiona nyumba yoyote. Palipokuwa na mibuni zamani sasa pana majumba ya wakurugenzi wa kampuni, mawakili na mabalozi. Nje ya malango hayo, kando ya barabara, wapo wauza miche ya maua, wauza mboga na mafundi wa viatu, ambao nao ni wafanyabiashara ijapokuwa ni nadra kuitwa hivyo. Na si mbali na hapo zipo taasisi mbili ambazo kazi yake ni kufunza uongozi. Moja ni Kampasi ya Lower Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa makao ya masomo ya biashara. Ya pili ni chuo cha watumishi wa umma ambacho hadi mwaka wa 2012 kilijulikana kama KIA, kilichojengwa mahali ilipokuwa Shule ya Jeanes, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 kuwafunza walimu wa kuzungukia shule za vijijini.

Hivyo basi, eneo hili dogo lina watu wenye mali, lina wanaoitafuta kwa jasho, na lina vijana wanaofunzwa jinsi ya kuitafuta na kuitunza. Swali letu leo ni hili: vijana hao wanasoma nini?

Mwanafunzi wa biashara akiulizwa ni vitabu gani vimfaavyo meneja, hatachelewa kujibu. Atamtaja Peter Drucker na kitabu chake The Effective Executive cha mwaka wa 1967. Atamtaja Stephen Covey na zile tabia saba alizozichapisha mwaka wa 1989. Atamtaja Jim Collins na Good to Great cha mwaka wa 2001. Hatuna ugomvi na vitabu hivyo. Drucker hasa angali na manufaa makubwa, kwani humwambia msimamizi kwamba, kabla ya kupanga kazi yoyote, achunguze kwanza muda wake unakwenda wapi. Somo hilo humfaa mwalimu mkuu wa shule ya bweni sawasawa na limfaavyo mkuu wa benki.

Hata hivyo, vingi vya vitabu hivyo vina kasoro moja ambayo yafaa walimu wawatahadharishe wanafunzi wao mapema. Ni vitabu vya washindi. Mwandishi huitazama kampuni iliyofanikiwa, akahesabu mazoea yake, kisha akayatangaza mazoea hayo kuwa ndiyo chanzo cha mafanikio. Haulizi ni kampuni ngapi zilizokuwa na mazoea yayo hayo nazo zikafa.

Ushahidi upo. Mwaka wa 1982 Wamarekani wawili, Tom Peters na Robert Waterman, walichapisha In Search of Excellence, wakieleza sifa za kampuni bora za nchi yao. Kitabu kilinunuliwa kwa mamilioni. Kufikia Novemba 1984, jarida la BusinessWeek lilikuwa tayari linaonyesha kwamba baadhi ya kampuni hizo zimeingia matatani. Collins naye alichagua kampuni 11 za kupigiwa mfano. Miongoni mwazo ilikuwa Circuit City, iliyouza vyombo vya umeme, ambayo ilifilisika mwaka wa 2008 na kufunga maduka yake mwaka uliofuata. Nyingine ilikuwa Fannie Mae, taasisi ya mikopo ya nyumba, ambayo katika mwaka huo huo wa 2008 ilichukuliwa na serikali ya Marekani ili isiporomoke.

Kwa sifa yake, Collins hakunyamaza. Mwaka wa 2009 alitoa How the Mighty Fall, ambamo alitaja hatua tano za kuanguka: kiburi kitokanacho na mafanikio, uchu wa kupanuka pasipo nidhamu, kuzikana dalili za hatari, kurukia kila tiba inayopita, na mwisho kusalimu amri au kufa. Kwa maoni yetu, meneja wa Kenya aliye na nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu cha mwandishi huyo na asome hicho, wala si kile kilichompa umaarufu.

Tukirudi nyumbani, si kweli kwamba hatuna vitabu vyetu. Mwaka wa 1986, Joe Wanjui, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya East African Industries, alichapisha From Where I Sit, akaeleza mawazo ya Mwafrika aliyekabidhiwa kampuni kubwa yenye asili ya ng'ambo. Baadaye, kuanzia mwaka wa 2003, bwana huyo alikuwa Chansela wa chuo kikuu kile kile chenye kampasi yake hapo Kabete. Ni jambo la kuuliza, basi, ni wanafunzi wangapi wa kampasi hiyo waliowahi kukifungua kitabu chake.

Madatally Manji, mwasisi wa kiwanda cha biskuti kilichobeba jina lake, alituachia Memoirs of a Biscuit Baron mwaka wa 1995. Anayetaka kujua jinsi kiwanda kilivyoweza kuota na kukua Nairobi, kabla na baada ya uhuru, na akisome hicho. Duncan Ndegwa, gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu ya Kenya, alitoa Walking in Kenyatta Struggles mwaka wa 2006. Msomaji na akisome akikumbuka kwamba Ndegwa ndiye aliyeongoza tume ambayo ripoti yake ya 1971 iliwaruhusu watumishi wa umma kuendesha biashara zao binafsi, jambo ambalo athari yake katika uongozi wa nchi hii yapasa kujadiliwa katika kila darasa. Njenga Karume, aliyeanza kwa kuuza makaa na kuishia kuwa tajiri na waziri, alichapisha Beyond Expectations: From Charcoal to Gold mwaka wa 2009. Na kuhusu M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, Tonny Omwansa na Nicholas Sullivan waliandika Money, Real Quick mwaka wa 2012.

Kwa jirani zetu Tanzania, marehemu Reginald Mengi aliandika I Can, I Must, I Will mwaka wa 2018, miezi michache kabla ya kufariki. Humo mna kisa cha mhasibu aliyeanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, na ambaye baadaye aliimiliki IPP, mojawapo ya kampuni kubwa za nchi hiyo. Mwanafunzi aliyeishika kalamu maisha yake yote bila kujiuliza imeundwaje ana la kujifunza hapo.

Vitabu hivi twavisifu, na twawahimiza walimu wavitafute. Lakini msomaji makini atakuwa ameona kwamba navyo vina kasoro ile ile tuliyoilaumu ng'ambo. Ni tawasifu za walioshinda. Mzee akishafanikiwa huyakumbuka makosa yake kama ngazi alizopandia, wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Aliyeanguka asiinuke ndiye hatumsikii.

Nao walioanguka si wachache. Uchumi, duka lililoanzishwa mwaka wa 1975 kwa mtaji wa umma ili mwananchi apate bidhaa kwa bei nafuu, lilifunga milango yake Juni 2006. Lilifufuliwa, hisa zake zikarejea sokoni mwaka wa 2011, na kufikia mwaka wa 2015 lilikuwa taabani tena. Nakumatt, ambayo jina lake lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, ilipanuka hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ivunjwe. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu, yaani Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, zilitwaliwa na Benki Kuu kabla ya mwaka mmoja kutimia.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Kitisuru peke yao. Duka kubwa linapoanguka, anayeumia zaidi ni mwenye kiwanda kidogo aliyelipelekea sabuni, mkate au mboga kwa mkopo, akingoja kulipwa baada ya siku 90, na hadi leo hajalipwa. Wapo pia makarani na wapanga bidhaa waliorudi nyumbani mikono mitupu. Benki inapofungwa, mwalimu aliyeweka humo akiba ya karo ya mwanawe ndiye anayesimama kwenye foleni. Watu hawa walilipa ada ya masomo, na ada hiyo ilikuwa kubwa mno. Je, masomo yenyewe yameandikwa wapi? Zipo nakala za kesi mahakamani na ripoti za wakaguzi wa hesabu, zilizoandikwa kwa lugha ya wanasheria na wahasibu. Kitabu ambacho mwalimu aweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha tatu akakisoma hadi mwisho ndicho adimu.

Kuna watakaosema kwamba kuandika habari za kuanguka ni kuwafedhehesha watu, na kwamba mwandishi atajikuta mahakamani. Hofu hiyo ina msingi, maana sheria za kashfa zipo na heshima ya mtu si kitu cha kuchezea. Lakini wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Isitoshe, kazi hiyo yaweza kufanywa kwa adabu bila kumvunjia mtu heshima. Wataalamu wawili, Peter Marris na Anthony Somerset, waliifanya humu nchini zamani. Kitabu chao African Businessmen, kilichotoka mwaka wa 1971, kiliwachunguza wafanyabiashara wa Kenya walivyokuwa hasa, pamoja na mashaka yao: jinsi mwenye duka alivyoona vigumu kumkabidhi mwingine madaraka, na jinsi undugu ulivyoweza kuwa nguzo na pia mzigo. Miaka zaidi ya 50 imepita, na atakayekisoma leo atadhani kinamzungumzia jirani yake.

Lipo pia suala la lugha. Vitabu vyote tulivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Muuza miche wa Barabara ya Lower Kabete hununua, huuza, hukopesha, hupata hasara na huajiri kijana wa kumsaidia, na kazi hizo zote huzifanya kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya mama. Tukimwambia kwamba elimu ya kazi yake imo katika lugha ambayo haimtoki vizuri, tumemfungia lango lingine. Kadhalika, Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 iliyoweka ushuru wa asilimia 16 juu ya vitabu haikumsaidia yeyote kati ya wasomaji tunaowalilia hapa.

Tufanyeje, basi? Twapendekeza mambo matatu, wala hakuna lihitajilo tume.

La kwanza, kila shule inayofunza Elimu ya Biashara na itafute angalau vitatu kati ya vitabu vya kwetu tulivyovitaja, ivisome pamoja na wanafunzi, na katika kila sura mwalimu aulize: ni nani aliyefanya kama huyu naye akashindwa? Swali hilo moja lina thamani kuliko orodha ndefu ya kanuni za kukariri.

La pili, kila darasa na liandike, kwa Kiswahili, historia ya biashara moja iliyokufa katika mtaa wake. Iwe ni kibanda cha mboga, kinu cha kusaga unga, matatu au duka la vitabu. Wanafunzi wamtafute mwenyewe, wamwombe idhini kwa heshima, waandike bila kutaja jina lake, na waulize mambo yanayoulizika: mtaji ulitoka wapi, nani alikopeshwa, daftari liliwekwaje, na dalili ya kwanza ya hatari ilionekana lini. Kwa muda wa miaka 5 shule moja itakuwa na hazina ambayo haipatikani katika duka lolote la London au Chicago.

La tatu, wasomi wa Kabete, walio karibu mno na Kitisuru, na wabishe malango hayo ya chuma. Wamo humo watu waliokuwa wakurugenzi wa kampuni ambazo hazipo tena. Wengi wao wamestaafu, na wengine umri umekwenda. Waulizwe kwa upole, kwa sharti la kutoaibishwa, waeleze walichokiona na walichonyamazia. Wengine watakataa. Atakayekubali mmoja atakuwa ametulipa zaidi ya wadhamini kumi wa karamu za kuhitimu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo wenye maduka wanaufahamu, na wengine huuandika ukutani. Yafaa walimu nao wauchukue, kwa kuwa mabilioni yaliyopotea katika maduka na benki zetu yalipotea na habari zake, na kijana atakayefungua duka mwaka ujao hana pa kuzisoma. Muhula unapofunguliwa, na aanze mwalimu mmoja, na daftari moja, na biashara moja iliyokufa.