Vidonda vya Tumbo Si Ugonjwa wa Mawazo

Imezoeleka makambini na katika vituo vya polisi kusemwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, pilipili na kula nje ya saa. Askari anayeungulia huambiwa apunguze fikira, anywe maziwa, arudi lindoni. Na akilalamika mara ya pili, huonekana mvivu anayekwepa kazi. Yafaa dhana hii iondolewe, kwani inawaumiza watu ambao wangeweza kupona.

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Daktari Barry Marshall na Daktari Robin Warren walifaulu kukuza katika maabara kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, kilichotoka katika matumbo ya wagonjwa. Wataalamu wengi walikataa kuamini kwamba kiumbe hicho chaweza kuleta ugonjwa. Mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na vipimo vikaonyesha kuwa tumbo lake limevimba. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu hicho chaishije ndani ya asidi kali? Kina kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huvunja yurea iliyomo tumboni na kutoa amonia, nayo amonia hupoza asidi inayokizunguka. Kwa mikia yake huogelea hadi ndani ya ute unaolinda ukuta wa tumbo, kikajishikiza kwenye seli. Vile vilivyo vikali zaidi vina chombo mfano wa sindano, ambacho kwacho huingiza ndani ya seli protini iitwayo CagA. Protini hiyo huvuruga amri zinazoongoza ukuaji wa seli na kulegeza mshikamano wake na jirani zake. Protini nyingine, VacA, hutoboa utando wa seli. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupigana, lakini mara nyingi adui habanduki, na mapigano yenyewe huzidi kuharibu ukuta. Hapo asidi hupata njia, na kidonda huchimbika.

Kweli, si kila mwenye kijidudu hiki huugua, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zaweza kuleta vidonda peke yake. Lakini kukipuuza ni hatari: mwaka 1994 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilikitaja kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo, ndugu askari, usitulize maumivu kwa vidonge vya dukani mwaka hadi mwaka. Nenda ukapimwe, kipimo cha pumzi au cha choo chatosha kukifichua. Ukipewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki, ambazo kwa kawaida humezwa kwa siku 14, zimalize zote hata kama maumivu yamekoma siku ya tano, maana kijidudu kilichonusurika chaweza kuwa sugu kwa dawa. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Na makamanda nao wana wajibu. Askari mwenye jeraha la risasi hapewi nasaha apunguze mawazo. Hupelekwa kwa daktari. Mwenye kidonda tumboni naye ana jeraha, ijapokuwa halionekani kwa macho.