Herufi moja katika damu, na programu isiyouzwa

Wazazi wengi humwona kijana ameiinamia kompyuta hadi usiku wa manane, wakaingiwa na shaka. Shaka hiyo si mbaya, lakini itanguliwe na swali: ni kitu gani anachokisoma humo?

Ndani ya chembe za mwili wa mwanadamu mna vinasaba, vilivyopangika mithili ya maandishi yenye herufi 4 tu: A, C, G na T. Idadi ya herufi hizo ni takriban bilioni 3. Mnamo tarehe 7 Julai 2000, Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Cruz, Marekani, kiliyaweka maandishi hayo, yakiwa bado rasimu, katika intaneti ili yasomwe na kila mtu bila malipo. Hata hivyo, maandishi marefu kiasi hicho hayasomeki kwa macho, yahitaji programu.

Mojawapo ni Biopython, kazi iliyoanzishwa mwaka 1999 na wataalamu wa kujitolea. Hiyo ni programu huria: hainunuliwi, na maelekezo yaliyomo ndani yake yako wazi. Mwenye ujuzi huyakagua, akiona kosa hulisahihisha, na wote wakanufaika.

Tuchukue mfano wa selimundu, maradhi yasiyo mageni majumbani mwetu. Katika jeni ya himoglobini, mahali palipopasa kuwa na GAG huwa na GTG. Kwa herufi hiyo moja, protini hubadilika, na chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida aweza, kwa mistari michache ya Biopython, kuyalinganisha maandishi hayo mawili na kuiona tofauti mwenyewe.

Lakini programu si tabibu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba herufi hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Jambo hilo hubainishwa kwa kipimo cha damu hospitalini, na wanaokusudia kuoana wasilipuuze.

Basi, mzazi mwenye binti au mwana apendaye baiolojia na hesabu, usimfungie mlango huu. Ada yake si fedha, bali ni subira. Keti naye jioni moja, umwombe akuonyeshe herufi ile.