Mbwa wa Cité Gécamines si wachawi

Hapa Kolwezi, mgodi wa COMMUS unapanuka, watu wa Cité Gécamines wanahamishwa, na wengine hawapati pa kwenda na mbwa. Wanaobaki wanapigwa mawe, eti wamekuwa wakali, dawa yao ni sumu. Wakali wapi? Ni woga! Mbwa aliyezoea kusikia kuta zikitikiswa na dinamiti, kisha akaachwa na wenyewe, atauma mkono wowote unaomjia haraka. Fimbo inamzidishia tu. Anayemchukua amchanje kichaa cha mbwa, amwekee chakula kwa mbali saa ile ile kila siku, asimkazie macho, angoje asogee mwenyewe, hata miezi. Akiuma mtoto: maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mganga.