Pete ya uchumba: Mng'ao wa almasi wawaponza wanunuzi

KIJANA wa Dumila, wilayani Kilosa, anayetaka kumvisha mchumba wake pete ya almasi hufunga safari. Mji huo, ulioko barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma mahali inapochepuka njia ya kwenda Kilosa, unaishi kwa mazao na wasafiri. Atauza magunia yake ya mahindi au mpunga, atapanda basi kwenda kwa masonara wa Dodoma au Dar es Salaam, na huko fedha za msimu mzima zitaishia kwenye kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kwa mkazi wa Mkoa wa Morogoro, vito si jambo geni. Rubi na spineli za Mahenge na Matombo zinafahamika duniani. Lakini uzoefu huo unaweza kumpotosha mnunuzi, kwani rubi hupanda bei kadiri wekundu wake unavyokolea, wakati almasi ya kawaida hupanda bei kadiri inavyokosa rangi.

Tatizo la msingi ni kwamba thamani ya almasi ni maoni ya mtu aliyeitazama. Taifa lilishuhudia hilo Septemba 2017, Serikali ilipotangaza kuzuia shehena ya almasi ya Mwadui yenye karati zaidi ya 71,000 katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola za Marekani milioni 14.8, uthamini mpya ukataja milioni 29.5. Kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa ikimiliki asilimia 75 ya mgodi huo, ilijibu kuwa uthamini wa awali kabla ya kusafirisha hufanywa na chombo cha Serikali yenyewe. Iwapo wataalamu wenye mizani na lenzi wanaweza kutofautiana mara mbili, mnunuzi wa kaunta ana kila sababu ya kudai karatasi.

Karatasi hiyo ni cheti cha maabara inayojitegemea, kama GIA ya Marekani au IGI, isiyo na hisa katika duka. Hutaja uzito, rangi, usafi na ukataji. Uzito ndio wauzaji hupenda kuutangaza: karati moja ni miligramu 200, na bei huruka ghafla inapofika namba kamili. Jiwe la karati 0.90 huwa nafuu kwa kiasi cha kuonekana, na kidoleni hakuna atakayelitofautisha na la karati moja.

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D hadi Z. Kwenye pete ya dhahabu ya njano, jiwe la H au I halionekani kuwa na kasoro. Usafi hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara kumi, hivyo ni kupoteza fedha kulipia usafi ambao jicho haliwezi kuuona.

Kinachostahili kugharimiwa ni ukataji, kwa kuwa ndio unaorudisha mwanga kwa mtazamaji. Mkataji akitamani kubakiza uzito, huacha kitako kinene, na jiwe huonekana kama lina kiza katikati hata likiwa safi. Almasi ya waridi ya Mwadui, ambayo mmiliki wa mgodi, Dk. John Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Baada ya kukatwa zilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ilitolewa kafara, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu jiwe bandia, ile kalamu ya kupimia joto inayoonyeshwa madukani kwa mbwembwe haitoshi. Hukamata zirkonia, lakini moisanaiti huweza kuidanganya, na almasi iliyotengenezwa maabara hupita bila shida kwa sababu ni almasi kweli. Hiyo ya maabara bei yake imeporomoka sana miaka ya karibuni. Si vibaya kuinunua, vibaya ni kuuziwa kwa bei ya iliyochimbwa. Anayeuziwa almasi ghafi "ya Mwadui" kando ya barabara ana balaa jingine, maana kumiliki madini bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Madini.

Wapo pia wanaoambiwa kuwa pete hiyo ni akiba. Hapana. Dhahabu yake itauzika popote kwa uzito, lakini jiwe likirudishwa dukani mara nyingi hununuliwa kwa bei ya chini mno.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe namba ya cheti, ailinganishe na ile iliyochongwa kwa laser ukingoni mwa jiwe, kisha aihakiki kwenye tovuti ya maabara kwa simu yake mwenyewe. Risiti itaje karati, daraja na kama jiwe limechimbwa au limetengenezwa. Sonara akisita kuandika hayo, mabasi ya kurudi Dumila yapo mpaka jioni.