ENTEBBE, UWANJA WA KUAGANA

Mwezi huu ukurasa wetu unakwenda Entebbe. Hapa kambini jina hilo halikauki mdomoni. Mtu akisema "fulani kashafika Entebbe," basi mfuko wa IOM uko mkononi na kurudi si leo. Lakini uwanja wenyewe una habari ndefu, na nyingine zinatugusa sisi wakimbizi.

Uko kando ya Ziwa Victoria, kama kilometa 40 kutoka Kampala. Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza, aliyepata habari ya kifo cha baba yake akiwa Kenya, alipitia hapo kurudi kwao, tayari akiwa malkia. Mvua ya radi ikamchelewesha. Hata malkia alingojeshwa!

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Barabara ya kwenda uwanjani ilijaa vizuizi, askari wakawapora watu pesa na dhahabu zao. Kama 28,000 walipokelewa Uingereza. Wengi wao walizaliwa papa hapa Uganda. Safari ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa: unafunga mlango, ufunguo unautia mfukoni, na haukufai kitu.

Ile ya 1976 wengi mmeiona kwenye video. Juni 27 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikaletwa Entebbe. Wengi wasio Waisraeli waliachiwa, lakini rubani Mfaransa na wafanyakazi wenzake wakabaki na abiria wao. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israeli walikuja na ndege nne, na baada ya kama saa moja u nusu walikuwa wameondoka na mateka 102. Mateka watatu walikufa pale, pamoja na kamanda Yonatan Netanyahu na askari wengi wa Uganda. Bibi Dora Bloch, mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye.

Video huishia kwenye shangwe. Hazisemi sana kwamba ndege zile zilijaza mafuta Nairobi, kwa hiyo Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kisasi. Watu wa kawaida kabisa, wafanyakazi na wachuuzi! Hapo ndipo sisi tunaposimama kila tukiisikia hadithi hii, maana tunajua mgeni anavyolipishwa deni asilokopa.

Aprili 1979 jeshi la Tanzania liliuteka uwanja, siku chache kabla ya kuingia Kampala. Na mwaka 1994 Wamarekani waliufanya kituo cha kupeleka misaada kwa wakimbizi wa Rwanda waliofurika Goma, kipindupindu kikiwamaliza. Baadhi yenu mlikuwa huko, mlizisikia ndege hizo juu ya vichwa vyenu.

Agosti 2021 mlango ulifunguka upande wa pili: Waafghani 51 walishuka hapo wakikimbia kwao.

Mnaosafiri karibuni, tafuteni kwa macho upande wa uwanja wa zamani. Mnara wa kuongozea ndege wa siku zile uliachwa na matundu ya risasi. Watoto wakiuliza, waambieni na habari ya wale Wakenya.