Usikope ununue programu ya muziki, anza na za bure

KIJANA wa Gatwekera au Kawangware 56 anayetaka kutengeneza muziki wa kielektroniki hupewa ushauri wa aina mbili mtaani. Wa kwanza: “Kama huna programu orijino na spika kubwa, sahau hiyo maneno.” Wa pili: “Leta flashi nikuwekee ya kraki.” Sisi tunasema ushauri wote huo ni mbaya. Wa kwanza unakufukuza kabla hujaanza. Wa pili unakuingiza kwa mlango wa nyuma, na unaweza kukutoa bila laptopu.

Tuseme wewe umenaswa na saitransi, ule muziki wa kasi uliokomaa kwenye fuo za Goa, India, miaka ya 1990, na ambao leo una matamasha yake makubwa kama Boom kule Ureno. Mathree za 46 na za nambari 8 hazikuchezei huo. Huko ni gengetone, arbantone, drill na dancehall. Marafiki wako watakuuliza kama umerogwa. Hiyo isikutie wasiwasi. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni pesa, kwa sababu wasikilizaji wa muziki huo wako mbali na itachukua muda kabla mtu akulipe hata shilingi moja.

Ndiyo maana tunakusihi usikimbilie deni. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 2022, unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Katika siku 14 mwanafunzi wa muziki bado anajifunza vitufe viko wapi. Huwezi kulipa deni la wiki mbili kwa kipaji kitakachoiva baada ya miaka miwili.

Basi uanze na nini? Tuhesabu pamoja, kwa kiwango cha takriban Sh130 kwa dola.

Kuna LMMS. Hii ni ya bure kabisa, haina majaribio wala masharti ya kulipa baadaye, na inafanya kazi kwa Windows, Linux na Mac. Ni nyepesi, kwa hivyo laptopu kuukuu ya RAM 4GB inaweza kuibeba. Inakuja na sintesaiza zake ndani, ikiwemo ZynAddSubFX ambayo ina sauti nyingi kuliko utakazomaliza kuzijaribu mwaka mzima. Upungufu wake mkubwa ni kwamba toleo lake la kawaida halirekodi sauti ya maikrofoni. Kwa rapa hilo ni tatizo. Kwa mtu wa saitransi si kubwa, maana muziki wenyewe karibu wote unazaliwa ndani ya kompyuta.

Kuna Reaper. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili. Zikiisha haikufungii mlango, lakini masharti yake yanakutaka ulipe. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani karibu Sh7,800. Ukiweka kando Sh50 kila siku utazifikisha kwa siku 156, kama miezi mitano hivi. Reaper haina sintesaiza za maana ndani yake, lakini unaweza kuiongezea Surge XT, ambayo ni ya bure, na Vital, ambayo ina toleo la bure. Vital ni nzito kidogo, hivyo laptopu ikianza kukwama, geuza sauti uliyotengeneza iwe faili ya kawaida kisha uendelee.

Kuna FL Studio, ambayo wengi wanaijua tangu ilipoitwa FruityLoops. Toleo lake dogo ni dola 99, karibu Sh12,900, na ukinunua mara moja unapata matoleo mapya bila kuongeza pesa. Hiyo ni biashara nzuri kwa mwenye nazo. Ila jua hili: toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini hulifungui tena faili hilo vizuri mpaka ununue leseni. Usije ukakesha usiku kucha ukidhani kesho utaendelea ulipoachia. Ukilitumia, toa wimbo kama faili ya sauti kabla ya kufunga.

Na kama huna laptopu, BandLab inafanya kazi kwa simu na kwa kivinjari, bure. Itakula bandolo zako, na kutengeneza saitransi kwa kidole kwenye kioo kidogo ni kazi. Hata hivyo, inatosha kukufundisha kupanga biti, kuhesabu pau na kusikia makosa yako.

Sasa turudi kwa ile flashi ya kraki. Tunajua inavyokwenda: jamaa wa mtaa ana kila kitu, hata plagini za maelfu ya shilingi, na anakupa kwa soo moja. Tatizo la kwanza ni virusi. Programu ya kraki mara nyingi inakuamuru uzime kinga ya kompyuta ndio iingie, na hapo hujui kingine kilichoingia nayo. Kama laptopu hiyo ndiyo unayofanyia kazi za chuo na kufungulia barua pepe yako, umeweka mali yako yote mezani. Tatizo la pili ni la haki. Wewe unataka watu walipie muziki wako, na sheria ya hakimiliki utakayotaka ikulinde kesho ndiyo hiyo unayoivunja leo. Mwenye kutengeneza programu naye ni msanii wa aina yake. Wakati hakukuwa na za bure, mtu angeweza kujitetea. Leo hana la kusema.

Wengine watatuambia kwamba sauti ya programu ya bure si ya kiprofeshonali. Si kweli. Msingi wa saitransi ni ngoma kubwa inayopiga kila pigo, na kati ya pigo na pigo kuna noti tatu fupi za besi. Kwa kasi ya mapigo 140 kwa dakika, kila noti ina nafasi ya karibu sekunde 0.107. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inagongana na ngoma na wimbo wote unakuwa tope. Chukua wimbi la msumeno, punguza ukali wake kwa kichujio, fupisha noti, kisha sikiliza. LMMS inafanya hayo yote. Kinachotofautisha wimbo mzuri na mbaya hapo ni sikio lako, na sikio halinunuliwi kwa kadi.

Ukibaki na pesa, nunua visikizi vya heshima kabla ya programu. Spika ya simu haikuonyeshi besi hata kidogo. Ukimaliza wimbo, mwombe dereva au makanga unayemjua auweke kwenye mathree usiku wakirudi stejini. Zile spika zao zitakuambia ukweli kuhusu besi yako bila kukuonea haya. Na kwa vile stima mtaani haina adabu, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache na uweke nakala kwa flashi.

Ukitaka mfano wa karibu, angalia Dar es Salaam. Singeli ilikua katika studio ndogo za uswahilini, kwa kompyuta za kawaida, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sisso Studio, na wasanii wa singeli wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya. Hapa Nairobi, KMRU, mjukuu wa mwanamuziki maarufu Joseph Kamaru, alisikika duniani kwa albamu Peel ya mwaka 2020, na kazi zake nyingi hujengwa kwa sauti za mazingira alizorekodi mwenyewe. Singeli na KMRU havifanani hata kidogo. Wote lakini walitumia walichokuwa nacho, na hawakuomba ruhusa ya mtu kupiga muziki usiofanana na wa wengine.

Lipo pia jambo la viongozi wetu. Kila msimu wa kura tunaahidiwa kukuza vipaji. Hapa kuna njia isiyohitaji zabuni. Vituo vya Ajira Digital na maabara za Jitume tayari zina kompyuta. LMMS haigharimu chochote. Iwekwe humo, na vijana wapewe saa kadhaa kila wiki na visikizi vichache. Mbunge au MCA anayesema hilo haliwezekani atuambie ni kipi hasa kinachomzuia.

Wewe, usiwangoje. Ipakue wikendi hii pale penye Wi-Fi, kisha ujipe miezi mitatu na nyimbo kumi, hata kama tisa ni mbaya. Baada ya hapo utajua kama unahitaji kulipia kitu, na utajua ni kipi. Na ukiwa na wimbo wa kuuza, Bandcamp inauza duniani kote, malipo huja kwa PayPal, na tangu 2018 pesa za PayPal zinaweza kuingia kwa M-Pesa. Mtu wa Berlin anaweza kununua besi iliyopikwa Laini Saba, na hatajua wala hatajali ilipikwa kwa programu ya bei gani.